Sugu na magaga ya miguuni: namna ya kuilainisha ngozi na kuizuia isikakamae tena

Karibu kila wiki huingia mteja katika duka la dawa ninalohudumia, akavua kandambili ya mguu mmoja, akaugeuza unyayo na kuuliza: “Hii nipake nini?” Mara nyingi huwa amekwisha kujaribu ndimu na chumvi, magadi, hata mafuta ya taa, na wapo waliokwisha kupitisha wembe. Swali la dawa lina jibu, nalo liko hapa chini, lakini linatanguliwa na swali jingine ambalo wachache hujiuliza: ni kitu gani kinachousugua au kuukandamiza mguu mahali hapo kila siku? Asiyelijibu hilo atasugua Jumamosi hii na kuikuta sugu yake mahali palepale mwezi ujao.

Fahamu kwanza unachokitazama

Ngozi ya unyayo ikikandamizwa au kusuguliwa mara kwa mara, hujiongezea unene ili kuilinda nyama iliyo chini yake. Unene huo ndio sugu: ni pana, bapa, ya rangi ya manjano au kijivu, haina ukingo ulio dhahiri, na kwa kawaida haiumi. Mkulima huipata kiganjani kutokana na mpini wa jembe, na mwenye kuswali huweza kuipata kwenye kifundo cha mguu wa kushoto anaoukalia. Sugu ndogo isiyouma haihitaji tiba yoyote. Hiyo ni kinga, na anayeiondoa yote hujitafutia malengelenge.

Magaga ni hali nyingine, ingawa mara nyingi huja pamoja na sugu. Ngozi ya unyayo ina tezi nyingi sana za jasho lakini haina tezi za mafuta, kwa hiyo hukauka upesi kuliko ngozi ya uso au ya mkono. Kisigino kikikauka hupoteza uwezo wa kunyumbuka, na uzito wa mwili unapokishukia, nyama laini iliyo ndani hutanuka kwa pembeni huku ngozi ngumu ya ukingoni ikishindwa kuufuata mtanuko huo, ndipo inapopasuka. Wavaaji wa ndala na viatu vilivyo wazi nyuma hupatwa zaidi kwa sababu hakuna kinachokishika kisigino kisitanuke. Kipupwe kinapoingia na hewa ikapungua unyevu, hali huzidi.

Aina ya tatu ni sugu yenye kiini. Hii ni ndogo, ya mviringo, na katikati yake kuna kitovu kigumu kinachochoma kana kwamba umekanyaga punje ya mchanga. Hukaa juu ya vidole, pembeni mwa kidole cha mwisho, au chini ya unyayo. Ikiota kati ya kidole cha nne na cha tano, jasho huilowesha ikawa nyeupe na laini, na wengi huidhania kuwa fangasi, wakapaka dawa ya fangasi miezi mitatu bila nafuu.

Hali tatu nyingine hufanana na sugu lakini tiba zake ni tofauti kabisa, na ndizo zinazowapotezea watu muda:

- Chunjua ya unyayo husababishwa na virusi. Itazame kwenye mwanga: mistari ya kawaida ya ngozi hukatika inapoifikia, ilhali kwenye sugu mistari hiyo hupita juu yake. Mara nyingi huwa na vidoa vyeusi vidogo ndani, ambavyo ni mishipa midogo ya damu iliyoganda. Chunjua huuma zaidi ukiibana kwa pembeni. Sugu yenye kiini huuma zaidi ukiibonyeza kwa juu.
- Fangasi kavu huufunika unyayo karibu wote kwa ngozi nene inayopukutika unga mweupe, hasa kwenye mistari ya unyayo, na mara nyingi kucha nazo huwa nene na za manjano. Hii huhitaji dawa ya fangasi. Jiwe peke yake halitaiondoa.
- Funza huonekana kama uvimbe mdogo mweupe wenye nukta nyeusi katikati, unaowasha na kuuma, karibu na kucha au kisigino. Mwenye uvimbe huo aende kituo cha afya, wala asichokoe kwa pini inayopokezanwa nyumbani.

Jipime kabla ya kuanza

Mtu mwenye kisukari, aliyewahi kuugua ukoma, mwenye mishipa ya miguu isiyopitisha damu vizuri, au ambaye nyayo zake hufa ganzi, asianze kazi hii kabla ya kuonwa na mhudumu wa afya. Sababu yake ni kwamba sugu nene huikandamiza nyama kama kokoto iliyo ndani ya kiatu. Mwenye hisi kamili huumia, akakwepa, lakini aliyepoteza hisi huendelea kutembea juu yake mpaka kidonda kinafanyika chini ya sugu bila yeye kujua. Sugu yenye doa jeusi au la rangi ya kahawia, kama damu iliyovilia, ni ishara ya jambo hilo.

Kuna jaribio jepesi ambalo mtu yeyote anaweza kukufanyia nyumbani. Vua viatu na soksi, lala, ufumbe macho. Mwenzako akuguse kwa ncha ya kidole chake cha shahada, kwa wepesi na bila kusukuma wala kupapasa, kwa sekunde moja au mbili, kwenye ncha ya kidole gumba, kidole cha tatu na kidole cha mwisho cha kila mguu. Wewe useme “kulia” au “kushoto” kila unapohisi. Ukikosa kuhisi vidole viwili au zaidi kati ya hivyo sita, hisi ya miguu yako imepungua. Usiguse jiwe wala dawa ya sugu, nenda kliniki. Mwenye kisukari aliyefaulu jaribio hili bado asitumie asidi wala plasta za kuondoa sugu, wala asiikwangue mwenyewe. Kazi yake ni kuikagua miguu kila siku, kuiosha kwa maji yasiyo moto, kupaka mafuta na kutotembea peku, hata ndani ya nyumba.

Vitu vya kuandaa

Huhitaji kununua vingi. Tafuta beseni linalotosha miguu yote miwili, sabuni isiyo kali, taulo safi, soksi za pamba zisizobana, na jiwe la kusugulia miguu, lile jepesi lenye matundu litokanalo na volkeno. Msasa wa mbao si mbadala wake. Kila mtu nyumbani awe na jiwe lake.

Kwa upande wa dawa, bora zaidi ni krimu yenye urea. Soma kiasi kilichoandikwa kwenye boksi: urea ya asilimia 10 huipa ngozi unyevu tu, kuanzia asilimia 20 hivi huanza pia kuilegeza ngozi ngumu, ya asilimia 40 ni kali na huwekwa juu ya sugu nene peke yake. Ukiikosa, au bei ikikushinda, mafuta ya mgando yanafanya kazi nzuri kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu huziba unyevu usitoroke. Mafuta ya nazi na mafuta ya shea nayo yanafaa, ila mengi yanayouzwa kwa jina la “krimu ya magaga” ni mafuta ya mgando yaliyotiwa rangi na manukato, kwa bei ya mara tatu.

Hatua za kufuata

1. Chagua usiku, baada ya shughuli zote, ili mguu uliopakwa mafuta usirudi kwenye vumbi. Kagua miguu yote miwili kwenye mwanga wa kutosha, ukiweka kioo sakafuni kama huwezi kuinama. Tafuta jeraha, usaha, wekundu, joto lisilo la kawaida au mpasuko unaotoa damu. Ukiona kimojawapo, usilisugue eneo hilo.

2. Loweka miguu katika maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hadi 15. Pima joto la maji kwa kiwiko cha mkono, si kwa mguu, kwa kuwa ngozi nene ya unyayo haitambui joto upesi. Sabuni kidogo inatosha. Usiloweke kwa saa nzima ukidhani ngozi italainika zaidi. Maji yakizidi muda huondoka na unyevu wa asili, na asubuhi utakuta kisigino kikavu kuliko jana.

3. Lowesha jiwe, kisha usugue kwa wepesi, kwa kupeleka upande mmoja au kwa mizunguko midogo, kwa dakika mbili au tatu kila mguu. Ondoa tabaka la juu tu. Maelekezo mengi husema uache pale ngozi inapokuwa nyekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi alama hiyo haionekani vizuri, na unyayo uliokakamaa hauionyeshi kabisa. Tumia kidole gumba badala ya macho: simama kila baada ya misuguo michache na ubonyeze, ngozi ikianza kubonyea, au ukihisi joto au kuwaka, acha hapo hapo hata kama sugu bado inaonekana. Sugu ya miaka mitano haiondoki kwa usiku mmoja, na anayelazimisha hubaki na kidonda.

4. Suuza miguu na uikaushe kwa kugandamiza taulo, bila kufikicha. Kausha vizuri katikati ya vidole, lakini nyayo na visigino viache na unyevunyevu kidogo.

5. Paka krimu au mafuta mara moja, kabla unyevu huo haujakauka. Hii ndiyo hatua ambayo wengi huikosea: hupaka mafuta juu ya ngozi kavu, tena asubuhi wakitoka, kisha hulalamika kwamba mafuta hayasaidii. Mafuta hayaongezi maji kwenye ngozi. Huyafungia yale yaliyopo. Usipake katikati ya vidole, kwa kuwa unyevu uliofungiwa hapo hualika fangasi.

6. Kama kuna mpasuko wenye kina lakini usio na usaha, usipake urea ndani yake, kwani itawasha vikali. Safisha kwa maji na sabuni, paka mafuta ya mgando, kisha vuta kingo zikaribiane na uzishike kwa plasta inayopita juu ya mpasuko. Mpasuko hufunga haraka usipofunguliwa upya kwa kila hatua unayotembea. Anayefanya kazi shambani au kwenye udongo wenye samadi na hajapata chanjo ya pepopunda kwa miaka mingi aulizie kituoni.

7. Vaa soksi za pamba na ulale nazo. Mwenye kuona joto la Dar es Salaam haliruhusu azivae kwa saa moja mbele ya televisheni, kisha azivue. Si sawa na usiku mzima, lakini ni bora kuliko kuacha.

8. Rudia kupaka kila asubuhi na kila usiku. Kusugua kwa jiwe kufanyike mara mbili kwa wiki, isizidi. Anayetawadha mara tano kwa siku ana nafasi ambayo wengine hawana: mguu wake hupata maji kila mara, kwa hiyo akikausha katikati ya vidole na kupaka mafuta kidogo kisiginoni angalau baada ya udhu mmoja au miwili, ataona tofauti kubwa.

9. Osha jiwe kwa sabuni na brashi, lisuuze na ulianike juani likauke kabisa. Jiwe linaloachwa limelowa bafuni hufuga vimelea ndani ya matundu yake.

Mpangilio huu wa kulowesha, kusugua na kupaka si mtindo wa saluni. Wagonjwa waliopoteza hisi na jasho la miguu kwa ukoma hufundishwa kuufanya kila siku, kwa maji ya kawaida, jiwe na mafuta yoyote ya kula yaliyopo jikoni, na umewaepusha wengi na vidonda. Tofauti ni kwamba wao hufundishwa kwanza na hukagua miguu kila mara.

Matokeo huonekana baada ya wiki mbili hivi kwa magaga madogo. Kisigino kilichokakamaa kwa miaka huhitaji mwezi mmoja au miwili, na baada ya hapo utaendelea kupaka, ingawa kwa nafasi.

Tafuta kinachosababisha

Mahali sugu ilipo hueleza mengi. Ikiwa chini ya unyayo karibu na vidole, shuku viatu vya visigino virefu au soli nyembamba iliyokwisha. Ikiwa pembeni mwa kidole gumba au juu ya kidole cha mwisho, kiatu kinabana kwa mbele. Ikiwa kwenye ukingo wa kisigino, shuku ndala, kutembea peku na kusimama muda mrefu juu ya sakafu ngumu, kama wafanyavyo mama lishe, walinzi na walimu. Ikiwa mguu mmoja tu una sugu nene na mwingine hauna, huenda unaegemea upande mmoja unapotembea, na jambo hilo linastahili kutazamwa na daktari.

Kupima kiatu hakuhitaji fundi. Jioni, wakati mguu umevimba kidogo kwa shughuli za siku, simama juu ya karatasi, chora mzunguko wa mguu wako kwa penseli iliyosimama wima, ukate mchoro huo na uuweke juu ya kiatu. Karatasi ikijitokeza nje ya kiatu kwa pembeni, umepata chanzo cha sugu yako. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote pabaki nafasi ya sentimita moja hivi. Wanunuzi wa viatu vya mtumba wawe waangalifu zaidi, kwa sababu soli ya ndani huwa imekwisha kushika umbo la mguu wa mwingine. Ing'oe na uweke mpya, kama inawezekana.

Kwa sugu yenye kiini, kata kipande cha sponji au kitambaa kinene, toboa tundu katikati linalotosha sugu, na ukibandike ili uzito ubebwe na pembeni. Kukibandika kipande kizima juu ya sugu huongeza mkandamizo badala ya kuupunguza.

Makosa yanayoleta watu kwangu

Wembe ndio unaoongoza. Ngozi iliyokufa haina hisi, kwa hiyo mkataji hajui amefika wapi mpaka damu inatoka. Mhudumu wa afya hupunguza sugu kwa kisu maalumu kilichotakaswa, naye amefundishwa, wewe usijaribu.

Plasta na matone ya asidi ya salisiliki vinauzwa bila cheti, na vinasaidia vikitumiwa vizuri, lakini asidi haichagui kati ya ngozi ngumu na ngozi nzima. Plasta ikatwe iwe sawa na sugu, na ngozi inayoizunguka ipakwe mafuta ya mgando kwanza. Eneo likiuma au kugeuka jeupe na laini, simamisha kwa siku kadhaa. Mjamzito na mzazi wa mtoto mdogo waulize kwanza.

Ndimu na magadi huchoma mipasuko na kuikausha ngozi zaidi. Gundi ya viatu inayotiwa ndani ya magaga hufungia uchafu ndani yake. Mafuta ya taa sina hata la kuyasemea.

Vijana wanaopita mitaani na beseni wakisafisha kucha na kusugua miguu wanafanya kazi ya halali, na wengi wao wana mkono mwepesi. Tatizo ni jiwe na kifaa cha kukwangulia vinavyotoka mguu mmoja hadi mwingine bila kutakaswa. Mpe jiwe lako, mwambie asitumie wembe, na umlipe kama kawaida.

Mambo yakikwama

*Umefuata hatua zote kwa wiki sita na hakuna mabadiliko.* Yamkini si sugu. Rudi kwenye maelezo ya fangasi kavu na chunjua. Ikiwa viganja navyo ni vinene, au kuna mabaka yenye magamba kwenye viwiko na magoti, unaweza kuwa na maradhi ya ngozi yanayohitaji daktari.

*Ngozi inalainika, kisha inarudi baada ya wiki mbili.* Kiatu au mazoea hayajabadilika. Jaribu mwezi mmoja wa viatu vilivyofungwa nyuma, na usitembee peku kwenye sakafu ya saruji.

*Krimu ya urea inawasha.* Kuwasha kwa dakika chache ni kawaida penye mipasuko midogo. Kukizidi, shuka hadi asilimia 10 au utumie mafuta ya mgando mpaka mipasuko ifunge.

*Mguu unateleza kwenye ndala baada ya kupaka.* Umepaka kingi. Kiasi cha punje mbili za maharage kinatosha mguu mmoja. Kikande mpaka kiingie, na kilichobaki kifute kabla ya kusimama. Wazee hasa wasitembee kwenye vigae wakiwa na nyayo zenye mafuta.

*Mpasuko umeanza kuvimba, una joto, unatoa usaha, au umepata mtoki.* Acha kila kitu ulichokuwa ukipaka, funika kwa kitambaa safi na uende kituo cha afya siku hiyohiyo. Mwenye kisukari aende hata kama hasikii maumivu yoyote.